Chaguo la Kwanza la Xiaobei

Baada ya kumaliza ligi tukiwa wa mwisho kwa mara ya tatu mfululizo, hakuna aliyetaka umeneja wa timu ya magongo ya Xiaobei, mtaa wetu wa biashara hapa Guangzhou, China. Meneja tuliyekuwa naye aliaga kwamba anarudi Dar kumuuguza mama yake. Wote tulijua mama yake ni mzima wa afya, anauza vitenge Kariakoo na kupigana na wapinzani wake wa biashara kila Jumamosi. Hatukumlaumu. Mechi ya mwisho tulifungwa saba bila, na bao la saba lilifungwa na kipa wao.

Ndivyo umeneja ulivyomwangukia Getrude. Ni mama wa Moshi anayenunua nguo za watoto na kuzipeleka nyumbani kwa kontena. Alicheza mpira wa magongo tangu sekondari mpaka goti lilipomgomea, na kila Jumapili alikuwa anasimama kando ya uwanja akitufokea sisi mabeki kuliko hata kocha. Mdhamini wetu, Bosi Burhani, mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, alimteua tukiwa tunakula pilau kwenye mgahawa wa Zainabu.

"Getrude atatushikia kwa muda," alisema huku akichambua mfupa. "Mimi nitamwelekeza."

Getrude alinawa mikono, akasema, "Nimekubali," na nadhani Burhani hakusikia vizuri namna alivyolisema.

Ligi yetu ni ndogo. Ina timu sita za wageni na wenyeji wa Guangzhou na miji ya jirani, wanaume na wanawake wanacheza pamoja. Hakuna mshahara. Kuna posho ya nauli, viatu na magongo, na hiyo posho ndiyo iliyokuwa inaleta fitina zote. Ili timu ya Tianhe, yenye watu wa maofisi makubwa, isibebe wachezaji wote wazuri, viongozi wa ligi waliweka ukomo: jumla ya posho za timu nzima isizidi kiwango kimoja kwa wote. Tena kila Septemba wachezaji wapya huitwa uwanjani, hujaribiwa, kisha timu huchagua kwa zamu. Timu iliyoshika mkia ndiyo huchagua kwanza.

Kwa hiyo sisi tulikuwa tumechagua kwanza mara mbili, na mara zote mbili tulichukua mshambuliaji, kwa sababu Burhani alipenda video za mabao za kuwarushia wateja wake. Wa kwanza viza yake ilikwisha kabla hata hajatuzoea majina. Wa pili alikuwa Tony, Mkenya mwenye mbio kama pikipiki, lakini nusu ya msimu alikuwa mji wa mbali wa Yiwu akinunua mizigo. Posho ya Tony ukiijumlisha na ya nahodha wetu Hafidh ilikula zaidi ya nusu ya ukomo. Sisi wengine tuligawana makombo, na wengi waliona heri walale Jumapili. Kuna mechi tulianza tukiwa pungufu huku Burhani akiuliza mbona hatukabi.

Getrude alianza na Tony. Alimpigia simu mimi na yeye tukiwa tumekaa kwenye ngazi za jengo la maduka ya jumla pale Xiaobei, akaweka spika.

"Tony, msimu ujao utakuwa Guangzhou au Yiwu?"

"Ah, dada, hiyo ni biz ndiyo inaamua, unajua."

"Basi na mimi imeniamulia. Nakuacha huru, utafute timu."

Tony alicheka sana. Alipogundua anacheka peke yake, akakata simu.

Kwa Hafidh haikuwa rahisi hivyo. Hafidh ni mtu wa Unguja, wakala wa mizigo, na timu hii ni yeye aliyeianzisha. Magongo ya kwanza aliyanunua kwa pesa yake. Mimi mwenyewe ni yeye aliyeniokota nikiwa mgeni mjini, nikishangaa kwenye lifti, akaniuliza, "Zubeir, wajua kucheza?" Lakini umri ulikuwa umemfikia. Alikuwa hashuki tena kukaba, anasubiri mpira mbele kama mtu anayesubiri chai, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Siku hiyo nilikuwa na magunia ya midoli niliyonunua mtaa wa Yide Lu, nikayapeleka kwenye ghala la Hafidh, na Getrude akafuatana nami. Tulimkuta amekaa juu ya marobota akiandika alama za wateja kwa kalamu nene.

"Kaka Hafidh," Getrude alisema baada ya salamu, "nataka upunguziwe posho ili niwape wanaokimbia. Na nataka ucheze nyuma, uwapange vijana."

Hafidh alifunika kalamu taratibu. "Nipunguziwe mie?"

"Ndiyo, wewe."

"Getrude, timu hii nimeiasisi mie. Wewe wakati huo ulikuwa hujui hata treni ya kwendea uwanjani."

"Sijabisha. Nakuheshimu kwa hilo, na nitaendelea kukuheshimu. Ila ukomo ni ule ule kwa wote. Nikikulipa kwa ulichofanya zamani, nitakosa cha kumlipa anayecheza leo."

"Na nikikataa?"

Nilijifanya nahesabu magunia. Nilitamani Getrude aseme tutazungumza tena.

"Ukikataa," alisema, "nitapeleka jina lako ligi kwamba uko huru."

Hafidh aliinuka, akanitazama mimi badala ya Getrude. "Zubeir, mzigo wako utaondoka na kontena la Alhamisi. Karibuni tena." Hapo tulikuwa tumefukuzwa, kwa adabu za Kizanzibari.

Njiani tulisimama kwenye taa za barabarani kungoja kuvuka. Nikamwambia anavunja timu. Alinigeukia macho yamelowa, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Ipi, Zubeir? Hii iliyofungwa na kipa?"

Siku ya kuchagua, jua la Septemba lilikuwa linachoma kapeti ya nyasi bandia ya uwanja hadi viatu vinanata. Wachezaji wapya walikuwa wengi, lakini watu walimtazama mmoja tu. Aliitwa Derick, alitoka Nairobi, na alikuwa anapita na mpira katikati ya watu kana kwamba hawapo. Burhani alikuja na wageni wake wawili, amevaa miwani ya jua, keshaagiza jezi yenye jina la Derick mgongoni. Nasema keshaagiza, niliiona kwenye mfuko.

Golini walimweka binti mmoja, Sia, aliyekuja kusomea udaktari katika chuo kimoja cha hapa mjini. Derick alimfunga. Akamfunga tena. Mimi nilihesabu hilo kuwa ndio mwisho wake, nikageuka kutafuta maji. Getrude hakubandua macho.

"Msikilize," aliniambia.

"Nimsikilize nani?"

"Kipa."

Nikasikiliza. Binti alikuwa hawajui mabeki waliopangwa mbele yake: Mmalaysia, Mchina wa Foshan na Mhindi mmoja mnene. Lakini alikuwa anawaita kwa rangi za fulana zao, anawaambia nani asogee, nani abaki, kwa Kiingereza, kwa Kichina cha wiki mbili, kwa vidole. Kila alipofungwa alikuwa wa kwanza kusimama na kuanza kupanga upya. Baada ya muda Derick alianza kupoteza mipira kabla hajafika golini, na yule Mhindi mnene akawa anacheka kwa furaha kila akimpokonya.

Katibu wa ligi alichukua kipaza sauti, akaita Xiaobei. Burhani alimnong'oneza Getrude, lakini Burhani hajui kunong'ona. "Derick. Sema Derick tuondoke."

Getrude alisogea mbele. "Xiaobei inamchagua Sia, kipa."

Nilisikia watu wakiguna uwanja mzima. Timu ya Huangpu, wa pili kutoka mkiani, walikuwa wamekaa kinyonge. Waliruka wakakumbatiana, kwa sababu Derick sasa alikuwa wao.

Burhani alivua miwani. "Umefanya nini?"

"Nimechagua. Derick ana viza ya miezi michache, na posho anayotaka ingenilazimu niwafute wachezaji wanne. Sia yuko hapa miaka yote ya masomo. Na sisi, bosi, hatuna shida ya kufunga. Tuna shida ya kufungwa."

"Sia ni wa wapi?"

"Wa Marangu, kwetu Kilimanjaro."

"Aaa!" Burhani aliwageukia wageni wake. "Sasa nimeelewa. Tunaletewa mambo ya ukoo hapa."

Sia alikuwa karibu, amekumbatia helmeti yake, anasikia kila neno. Getrude alimsogelea Burhani hata nikaogopa.

"Angekuwa wa Pemba ningemchukua. Angekuwa wa Urumqi, huko mwisho wa China, ningemchukua. Ukitaka kunitukana nitukane mimi, mtoto wa watu muache."

"Basi tafuteni mdhamini," alisema Burhani. "Kampuni yangu si mahali pa kufanyia majaribio."

Akaondoka na mfuko wake wa jezi. Kabla wiki haijaisha tulisikia amehamishia udhamini Huangpu, na Hafidh amesajiliwa huko huko. Kwa hiyo wale waliokuwa mbele yetu kwa nafasi moja sasa walikuwa na mdhamini wetu, nahodha wetu na mshambuliaji ambaye kila mtu alisema alipaswa kuwa wetu.

Sisi ukomo wa posho haukutuhusu tena, maana hatukuwa na posho ya kuufikia. Getrude alituita, akatuambia ukweli: atakayecheza atajilipia treni. Anayetaka kuondoka aondoke bila kinyongo. Wawili waliondoka. Waliobaki tulipewa jezi za njano zisizo na jina la kampuni yoyote, zilizoandikwa XIAOBEI kifuani kwa herufi kubwa, alizochapisha kwa fundi anayemtengenezea nguo za watoto. Za kwanza zilikuja zinabana kwapani. Zainabu wa mgahawa akasema atatulisha baada ya kila mechi, tushinde tushindwe, ila asisikie mtu analia mbele ya wateja wake.

Unahodha alipewa Swalha, kiungo wetu, dada wa Tanga asiyependa maneno. Alipoulizwa mpango wake ni nini alijibu, "Tufike wote."

Na kweli tulifika wote, na tukafungwa. Mechi ya kwanza Tianhe walitupiga nne, ya pili Panyu tatu. Burhani akaingia kwenye kundi letu la WeChat, ambalo hakuna aliyekumbuka kumtoa, akaweka ujumbe wa sauti: "Poleni sana ndugu zangu. Mwambieni daktari wenu awatibu." Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakicheka. Getrude alijibu kwa maandishi: "Mechi ijayo Jumapili saa kumi. Karibu uangalie." Kisha akamtoa kundini.

Mazoezini Sia alimfuata Getrude. Nilikuwa nafunga kamba za viatu, nikasikia.

"Dada, kama nimekuharibia, niweke benchi. Sitakasirika."

"Mabao saba hayo, mangapi yalikuwa ya kwako?"

Sia alifikiri. "Mawili."

"Matano ni ya nani?"

Binti aliona haya, akaninyooshea kidole mimi. Getrude akacheka kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. "Basi mwambie yeye. Usiniambie mimi."

Akaniambia. Alinikalisha kwenye nyasi, mimi mtu mzima mwenye ndevu, akanieleza kwamba nakimbilia mpira badala ya kukimbilia mtu, na kwamba akiniita nageuka kumtazama wakati nilipaswa kusogea tu. Nilichukia jioni nzima. Mechi iliyofuata, dhidi ya Foshan, aliita "Zubeir kulia!", nikasogea bila kugeuka, na mpira ukaja kwenye gongo langu kama umetumwa. Tulitoka bila kufungwa. Sare, bila kwa bila. Zainabu alitutazama tunavyoimba, akauliza, "Mmechukua kombe?"

Baada ya hapo tulishinda moja, tukashindwa moja, tukashinda nyingine. Hakuna aliyekuwa anatufunga mabao mengi tena. Wakati mzunguko wa pili unaelekea ukingoni, Huangpu, pamoja na Derick wao, walikuwa wanapumuliana na sisi kule chini. Derick alikuwa anafunga kweli, lakini posho yake ilikuwa imewakimbiza mabeki wao. Ikabaki mechi moja, sisi na wao. Tukitoka sare tu, wao ndio wanashika mkia. Tukifungwa, mkia ni wetu.

Ndipo Burhani alipomwita Getrude ofisini kwake. Getrude akaniomba nimsindikize. Tulikaribishwa soda na maandazi, na Burhani alikuwa mpole kama mtu anayeposa.

"Dada yangu, tuzungumze kama wafanyabiashara. Mwakani anakuja kijana wa Malaysia, alichezea timu ya taifa ya vijana. Kila mtu anamtaka. Atakayeshika mkia ndiye atakayemchukua. Sasa nyinyi mkishinda mnapata nini? Nafasi ya tano, hata kikombe cha plastiki hakuna. Mkishindwa, mnampata yule. Nami narudi na udhamini, posho kamili mpaka kwenye ukomo."

"Na Huangpu je? Si timu yako?"

"Huangpu nimewasaidia tu. Moyo wangu uko Xiaobei."

"Kwa hiyo unataka tujifungishe."

"Sijasema hivyo. Nimesema mumpumzishe kipa. Amechoka, ana mitihani. Nani atauliza?"

Nakiri kwamba mimi nilianza kupiga hesabu. Treni ya kila wiki inauma, na kijana wa timu ya taifa si jambo dogo. Timu kubwa za dunia hufanya hivyo, wanasema ni akili. Nilimtazama Getrude nikidhani naye anapima.

Getrude alikunywa soda yake yote, akaiweka chupa mezani. "Meiyou," alisema.

Ni neno tunalolisikia kila siku sokoni, muuzaji anapokwambia hakuna, usinisumbue, pita. Lakini sijawahi kulisikia likisemwa vile.

"Fikiria kwanza," Burhani alisema.

"Nimefikiria tangu umetaja mkia. Bwana Burhani, wale watu wanapanda treni kwa nauli zao. Swalha anafunga duka lake Jumapili. Huyu hapa Zubeir anafokewa na mtoto wa chuo na anarudi tena. Nikawaambie leo wakimbie polepole? Kama ni kushika mkia, Huangpu watatushikisha wenyewe, kwa nguvu, na sisi tukiwang'ang'ania miguuni. Sitauomba."

Siku ya mechi, jukwaa dogo la watazamaji lilijaa watu wa Xiaobei: wauza simu, mawakala, Wakongo wa suti, Wakenya waliokuja kwa ajili ya Derick, na Zainabu mwenyewe aliyefunga mgahawa. Hafidh aliingia na jezi ya bluu ya Huangpu. Alitusalimia wote kwa mkono. Alipofika kwa Getrude alisema, "Umzima?" na yeye akajibu, "Mzima, kaka," basi.

Walitufunga mapema, na aliyefunga ni Hafidh. Derick alipiga kona fupi, ile adhabu ya karibu na goli, Sia akautema mpira, na Hafidh, ambaye tulisema hawezi tena, alikuwa pale pale alipotakiwa kuwa. Hakushangilia. Alirudi katikati ameinamisha kichwa, na mimi nilihisi uchungu na fahari kwa pamoja, nikashindwa kujua kipi ni kipi.

Sia alikuwa keshasimama. "Tunapanga upya! Zubeir, mtu! Swalha, shuka!"

Tulicheza kama watu waliofungiwa mlango. Derick alikuja, tukamfungia njia. Akaja upande mwingine, Swalha alikuwa huko. Kipindi cha pili wao walianza kuchoka, kwa sababu kwenye benchi lao alikuwa amekaa mtu mmoja tu. Sisi tulikuwa na benchi limejaa, kila mtu akiingia ana pumzi mpya. Tulipata kona fupi. Swalha aliusukuma mpira chini chini, ukagonga gongo la beki wao na kuingia. Bao la aibu kidogo, lakini refa hakuandika aibu.

Dakika zilizobaki ni kama hazikuisha. Derick alipata nafasi moja safi, amebaki na kipa peke yake. Sia hakumsubiri. Alitoka golini, akajitupa na mavazi yake yote mazito, na mpira ukamgonga begani ukapanda juu, ukapita nje. Filimbi ilipolia alikuwa bado chini, na sisi tukamwangukia juu, mpaka akapiga kelele kwamba tutamvunja mbavu na yeye anajua zilipo.

Sare, bao moja kwa moja. Nafasi ya tano kati ya sita. Ungetusikia, ungedhani tumeitwaa dunia.

Hafidh alimsubiri Getrude karibu na mabomba ya maji. Nilikuwa nanawa uso.

"Ulikosea kuniacha," alimwambia. "Nimefunga leo. Umeona."

"Nimeona. Labda nilikosea," Getrude alijibu. "Lakini kwa huyu binti sikukosea."

Hafidh alimtazama Sia, aliyekuwa anavuliwa pedi za miguu na watu watatu. "Hukukosea," alisema. Akachukua begi lake akaenda zake. Mpaka leo wanasalimiana tu.

Burhani alishuka jukwaani akiwa na katibu wa ligi, anatabasamu kana kwamba hakuna kilichopita. Akasema mbele ya watu kwamba yuko tayari kuidhamini Xiaobei msimu ujao.

"Karibu," Getrude alisema. "Jina lako litakaa kifuani, chini ya jina la Xiaobei. Posho zitagawanywa sawa. Na siku ya kuchagua, wewe utakaa jukwaani kama watazamaji wengine."

"Mdhamini gani huyo asiye na kauli?"

"Ambaye mimi namtaka."

Burhani aliangua kicheko, akatutazama sisi, akitafuta wa kucheka naye. Swalha, asiyependa maneno, alisogea akasimama bega kwa bega na Getrude. Nami nikasogea. Wakaja wengine, na jezi zao zinazobana kwapani.

Katibu wa ligi alikohoa. "Nahitaji jina la meneja wa Xiaobei kwa msimu ujao."

"Andika," Getrude alisema, na akaanza kumtajia herufi za jina lake moja moja.